Mayai Yaliyopakwa Wino

"Sindano, gari limepita kizuizi cha pili. Wageni wasifike harusini. Narudia, wasifike!"

"Nimekupata, Mkuu."

Sindano alikata redio, akaipa Yamaha moto.

Wageni walikuwa mayai. Harusi, mashamba ya matufaha ya bonde zima.

Kila msimu gari la maabara lilileta kadi za kutundika mitini, zilizobandikwa mayai ya nondo. Ndani ya kila yai, nyigu mdogo kuliko chembe ya chumvi alikwisha kutaga lake. Yai la namna hiyo hugeuka jeusi: nondo kafa, na atakayetoka ni nyigu wa kuwinda mayai mengine mitini. Yai jeupe hutoa funza, na funza huingia tundani. Lakini wafanyabiashara fulani wa ng'ambo, wauza dawa za wadudu, walitaka nyigu washindwe, wakulima wawarudie kwa magoti.

Na dereva wa gari alikuwa mume wa dada yake. Loo!

Alilipita kwenye kona, akalizibia njia. Breki zikalia.

"Shuka, shemeji."

Shemeji alishuka akicheka kicheko kikavu. "Bastola? Kwangu mimi niliyekufundisha kuendesha pikipiki?"

"Ndiyo maana nimekufikia."

Alifungua jokofu la nyuma. Kadi tele, mayai meusi tii. Moyo ukamtulia. Huenda Mkuu kakosea, jamani.

Akalamba kidole, akasugua yai moja.

Kidole kikawa cheusi. Yai likawa jeupe.

Wino!

Bonde zima lingetundika nondo kwa mikono yake lenyewe, na asante juu.

"Wenzako wako wapi?"

"Ghala la mpakani," shemeji alinong'ona.

Sindano alimtia pingu, akalitaja ghala redioni. Kisha akapekua chini ya kiti cha dereva. Kiboksi kimoja cha kadi. Akasugua yai jeusi: kidole kikabaki safi.

"Hizo za dada yako," shemeji alisema, machozi yakimlenga. "Yeye sikuweza."

"Nondo wana mabawa, shemeji. Wangevuka ua mpaka kwake."

Redio ikakoroma. "Sindano, tumewanasa wote. Nyigu halisi tumewakuta wazima. Dereva tunakuja kumchukua."

Alipaswa kufurahi. Aliichukia kazi yake kuliko siku zote.

Simu ikaita. Dada.

"Mdogo wangu, shemeji yako hujamwona? Nondo wameanza kuruka, nami niko juu ya ngazi nasubiri kadi. Funza wakirudi mwaka huu, haki ya Mungu nakata miti yote!"

"Hukati kitu. Kadi nakuletea mimi."

"Wewe? Na yeye je?"

Sindano alitia kiboksi ndani ya jaketi, akafunga zipu mpaka shingoni. Alitembea polepole kuiendea pikipiki, bila kugeuka kumtazama aliyekaa vumbini.

"Shuka ngazini kwanza, dada."