Aliyeitika Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa pili, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Hiyo ndiyo saa mdogo wangu alipoita namba isiyokuwa na mtoto.

Ilikuwa wiki yake ya tatu ugenini. Alikwenda kufundisha Kiingereza kwa kujitolea, kwa chumba na chakula tu. Siku ya kuondoka mama alimwambia, "Mwanangu, mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Uliza kabla hujashika kitu."

Akacheka. "Mama, naenda kushika chaki tu."

Wanafunzi walimpa jina la Bi Chaki, kwa sababu vumbi jeupe halikumtoka viwikoni. Chumba chake kilipakana na jiko la shule. Mpishi, mama mtu mzima mwenye maneno mengi, alimchukua kama bintiye. "Kula, mwanangu," alimwambia kila siku. "Ukikondea hapa, kwenu watasema mpishi mchawi."

Darasa lake lilikuwa na watoto thelathini na madawati thelathini na moja. Lile la ziada lilikuwa nyuma kabisa, limegeuziwa ukutani. Mdogo wangu alipenda usafi tangu utoto. Jumatatu hiyo aliwahi kabla ya kengele, akaligeuza, akaingiza mkono kwenye droo aipanguse. Mkono ulitoka na utelezi: nywele zilizolowa, kucha zilizokatwa, na kitu cha manjano kilichovutika kama makohozi ya mgonjwa. Alinawa mara tatu. Harufu ya tambara bovu haikutoka vidoleni.

Mahudhurio aliyaita kwa namba za Kiingereza, si kwa majina, ili watoto wajifunze kuhesabu. Katika daftari, mstari wa thelathini na moja ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe, lakini namba yenyewe ilisomeka. Siku zote aliishia thelathini. Asubuhi hiyo, akilitazama lile dawati safi, alidhani yuko mtoto mtoro ambaye hakuna anayemtafuta. Akamwita. Kimya. Akaita tena. Watoto wakaziba midomo kwa viganja. Akaita mara ya tatu.

"Nipo, mwalimu."

Sauti ilitoka nyuma, nzito, kama ya mtu anayesema na mdomo umejaa uji. Kwenye dawati hapakuwa na mtu. Mkono wake, kwa mazoea ya kazi, ulikwisha kuweka alama ya vema.

Mchana alikusanya madaftari ya zoezi. Yalikuwa thelathini na moja. La mwisho lilikuwa limevimba kwa unyevu, kurasa zimegandana. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya walimu wengi, kulamba kidole ili afunue karatasi. Akalamba, akafunua. Akalamba tena. Ladha ilimfika kabla ya akili: chumvi, usaha, maziwa yaliyochacha. Swali alilowapa lilikuwa, Unaishi wapi? Jibu lilikuwa kwa mwandiko mzuri kuliko wa darasa zima: Ninaishi chini ya dawati.

Alilitupa chooni. Kesho yake lilikuwa juu ya mengine, limejifunua lenyewe: Ninaishi chumbani kwa mwalimu. Siku ya tatu: Ninaishi kinywani mwa mwalimu.

Siku hiyo alinipigia simu.

"Kaka, nina unywele kooni. Nauvuta, hauishi."

"Kunywa maji, mdogo wangu."

"Nimekunywa. Maji yana ladha ya makamasi. Kaka, nisomee dua."

Kisha, nyuma yake, sauti ile ya uji ikasema polepole, "Kaka, nisomee dua."

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Niko peke yangu," ikasema ile sauti.

Mpishi ndiye aliyemshika kichwa alipokuwa akitapika. Ananiambia kilichoingia kwenye beseni hakikuwa chakula. Zilikuwa nywele zilizosokotana, vipande vya kucha, na jino dogo la mtoto, huku meno ya mdogo wangu yote yako mahali pake. Akaenda mbio kwa mwalimu mkuu. "Mmemficha nini binti wa watu?"

Mwalimu mkuu aliinama. "Walimu wa kujitolea hawapatikani, mama. Wawili walikwisha kukimbia. Tuliona tukiukwangua ule mstari yatakwisha."

"Mmekwangua karatasi, jini mmemwachia kiti!"

Akaletwa shehe, mzee mpole anayesomea wagonjwa Kurani. Alisoma mpaka jasho likamdondoka. Midomo ya mdogo wangu haikutikisika, lakini kooni mwake kitu kilijibu, na uvundo ukajaa chumba hata mpishi akajiziba pua kwa kanga.

"Nimeitwa mara tatu. Nimeitika. Nimeandikwa. Mtanifukuzaje shule?"

"Unataka nini kwa huyu?" shehe akauliza.

"Huyu ni mlango tu. Nawataka wanaorudia."

Shehe akamshika mdogo wangu mkono. "Mwanangu, linapita kwa maneno. Atakayerudia neno lako ndiye atakayelipokea. Nipe siku saba. Katika siku hizo usitamke lolote mbele ya mtoto."

Akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka. Watoto thelathini hao, kazi yao yote kwake ilikuwa kurudia anachosema.

Siku ya nne ya kisomo, saa mbili na dakika ishirini, alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua mchele, na mpishi anasema aliona miguu ya binti ikiinuka kabla ya mwili, ikamvuta kuvuka uwanja kama mtu anayevutwa kwa kamba, sinia likaanguka, mchele ukamwagika, mpishi akamkimbilia akimwita na yeye hageuki, akaingia darasani ambako watoto walisimama wote kwa adabu kama walivyofundishwa, akasimama mbele yao, kinywa kikaanza kufunguka polepole, na ndani ya kinywa hicho, nyuma ya ulimi, kilionekana kinywa kingine kidogo chenye ufizi mweusi kikitabasamu, na sauti ya uji ikasema, "Semeni baada yangu," na vinywa thelathini vikafunguka.

Mdogo wangu alichukua kifutio, lile tambara la ubaoni lililojaa vumbi la muhula mzima, akakisukumiza kinywani mwake kwa mikono yote miwili.

Mpishi alifika, akamwinua mmoja wa watoto aliyeanguka, akawafukuza wote nje. Kisha akajaribu kukichomoa kifutio. Meno yalikuwa yameuma, hayakuachia. Macho ya mdogo wangu, anasema, yalikuwa yakiwatazama watoto wakitoka, na midomo yake yenye chaki ilitikisika kama anayewahesabu. Walipotimia thelathini nje, akatulia.

Wapo wanaosema alijiua. Mimi nasema alifunga mlango akiwa upande wa ndani.

Tulimleta nyumbani. Waliomwosha walisema kifutio kilitoka chenyewe, kikavu na kisafi. Tukashukuru, tukamzika. Imamu akaomba dua, nasi tukaitikia, "Amin." Tulipokwisha kunyamaza, ikafuata amin moja iliyochelewa, nzito, kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Ilitoka miguuni petu. Mama alinitazama.

Ndiyo maana dua yangu naiandika, siisomi kwa sauti. Nawe unayeisoma, itikia moyoni, ufunge kinywa.

Ewe Mola, mrehemu mdogo wangu, Bi Chaki. Msamehe aliloliita bila kujua, na umlipe kwa wale thelathini. Litoe kaburini mwake lisilo lake, umpanulie nafasi, umpe maji yenye ladha ya maji.