Khazina kwa K

Kila Jumamosi asubuhi, nikishafagia uwani, nakwenda skuli kwetu Mwanakwerekwe kwenye klabu ya kompyuta. Kazi yangu ni kuingiza vitabu vya maktaba kwenye tovuti ya skuli. Juzi nimefika tu, Mwalimu Msabah akanipokea kwa ukali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Shikamoo baadaye, Badria! Wewe ndiye uliyeitumia tovuti mwisho jana, baada ya masomo. Umefuta vitabu vyote!"

Nikatazama. Tovuti haina hata kitabu kimoja, ila mstari wa maandishi mekundu.

"Omba msamaha mbele ya wenzako, ama klabu basi tena."

Klabu ile naipenda kuliko sikukuu. Lakini nikasema, "Siombi. Sikufuta kitu, mwalimu."

Rafiki yangu Almas akanivuta mkono. "Sema samahani, yaishe!"

"Yaishe vipi, na mimi nshaitwa mharibifu?"

Nikasogea nikayasoma yale maandishi, maana hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Yalisema: "Seva khazina haipatikani." Hayakusema vitabu vimefutwa! Vitabu havikai ndani ya tovuti. Vinakaa kwenye hifadhidata, ndani ya seva, ile kompyuta nyeusi iliyopo pembeni. Tovuti hupewa jina la seva, ikaenda kupiga hodi huko. Jina likikosewa haifiki, wala haijui kuulizia njia.

"Mwalimu, nani kaandika jina hili?"

"Mimi. Jana mlipoondoka nilihamishia vitabu kwenye seva mpya."

"Basi tazama karatasi waliyobandika mafundi kwenye seva. Jina ni hazina. Haina k."

Mwalimu akakodoa macho. Sisi Unguja tunasema khazina, tena kwa kh ya kooni hasa, naye kaandika kama anavyotamka. Akafuta k, akaifungua tovuti upya. Vitabu vyote mia nne vikatokea. Almas akapiga kigelegele.

Nilidhani mwalimu atabadilisha mazungumzo, kama wakubwa wengi. Wapi! Alituita sote.

"Nisamehe, Badria. Kosa ni langu, nami nimekusingizia mbele ya watu. Jamani, kompyuta ikigoma, someni kwanza inasema nini, ndipo mumtafute mkosa. Na anayejua hakukosa asiombe msamaha kwa kumwogopa mkubwa, hata mkubwa huyo nikiwa mimi."