Nyuzi Thelathini na Tatu na Nusu

Mara ya kwanza namba iliposhuka, nesi Atuganile alidhani ni waya.

Ilikuwa saa tisa alasiri, katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ndogo ya binafsi kule Mbweni, na nje jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha shuka kabla hujamaliza kulianika. Wodini alikuwamo mtoto mmoja tu. Alizaliwa bila kulia, alikosa hewa dakika nyingi mno, na watoto wa namna hiyo walikuwa na mashine yao: godoro dogo lenye mirija ya maji ya baridi, linalompoza mtoto hadi nyuzi thelathini na tatu na nusu na kumshikilia hapohapo siku tatu, ili ubongo upumzike. Baada ya hapo anapashwa joto polepole, nusu nyuzi kila saa, mpaka afike thelathini na sita na nusu kama binadamu wengine. Waya mwembamba ulimpima mwilini na namba ikasomeka kwenye kioo.

Mtoto anayepozwa hulazwa usingizi kwa dawa, halii. Ukimgusa unashtuka, maana mikono yetu haijazoea mtoto wa baridi aliye hai. Atuganile alishawahi kumshika wa baridi asiye hai. Lusajo wake alizaliwa hivihivi, miaka mitatu iliyopita, mahali ambapo mashine kama hii haikuwapo, akaishi siku kumi na moja. Walimzika kwao Tukuyu siku ya mvua. Mume alikaa miezi miwili, kisha akaenda Mwanza kikazi, na hiyo kazi haijaisha mpaka leo.

Tangu hapo Atuganile aliishi peke yake katika chumba kimoja Mwananyamala. Akitoka kazini aliwasha redio kabla hata ya kuvua viatu, ili kuwe na mtu anayeongea. Ndiyo maana hakuna aliyeshangaa alipojitolea kukaa zamu za mchana zote tatu na mtoto huyu. Watu walisema ana moyo. Kweli anao, ila hawakujua ulivyokuwa na njaa.

Kwenye kitanda cha mtoto palibandikwa karatasi: Mtoto wa Monica. Jina hakuwa nalo bado. Monica, mama yake, alikuwa ghorofa ya juu na mshono wa upasuaji, hawezi kushuka ngazi, na kwao Masasi jina hutolewa kitovu kikidondoka. Sasa utaongeaje na mtu siku nzima bila kumwita kitu? Siku ya kwanza Atuganile alimwita "baba" na "bwana mdogo". Siku ya pili, mchana, wodi ikiwa kimya na maji yakipita mirijani taratibu, aliinama akanong'ona jina lililokuwa karibu na ulimi.

"Lusajo."

Namba ikasoma thelathini na tatu nukta nne. Akakagua waya, akakuta umekaa sawa. Namba ikarudi ilipokuwa.

Baada ya muda akaita tena. Namba ikashuka tena, mara hii nukta mbili kwa mpigo, na wodi iliyofungwa madirisha yote ikaanza kunuka udongo ulionyeshewa. Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Yeye alivuta kiti karibu.

Saa kumi Mzee Kondo, mfuaji wa hospitali, aliingia na kikapu kuchukua mashuka. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba. Nesi, humu ndani mmemwaga nini?"

"Hatujamwaga kitu."

"Mbona kunanuka kaburi?" Alisogea, akamtazama mtoto, kisha akamtazama yeye, na sauti ikashuka. "Umemwita nani hapa?"

Atuganile angeweza kudanganya, lakini alikuwa hajaulizwa swali la maana na mtu yeyote kwa muda mrefu. Alisema yote. Kondo aliweka kikapu chini.

"Mie mamangu alikuwaga anapunga majini kule Kimbiji. Nimekua nikiyaona. Mtoto asiye na jina ni nyumba haijawekwa mlango. We umesimama kizingitini unaita jina la marehemu! Unadhani ni mwanao anayeitika? Mwanao kalala, Mungu amrehemu. Anayeitika ni jini tu, linatafuta pa kukaa."

"Nifanyeje?" Alinong'ona hadi mwenyewe hakujisikia.

"Kesho si ndo anapashwa joto? Basi mkatae. Mara tatu, kwa jina hilohilo, we mwenyewe uliyemwita. Sema si mwanangu, toka. Joto likitimia naye yumo, hatoki tena. Mwenye nyumba ndiye atakayebaki nje."

Kesho yake saa nane mchana daktari aliamuru mtoto aanze kupashwa joto. Monica alipiga simu kutoka juu. "Sista, anaendeleaje? Mie sina mtu mwingine, baba yake hata hapokei simu. Niambie tu ukweli."

"Anaendelea vizuri, mdogo wangu. Leo jioni utamshika."

Saa kumi na moja, namba ikiwa thelathini na tano, Atuganile alisema mara ya kwanza. "Lusajo, wewe si mwanangu. Toka." Taa zilififia zikarudi. Kitu kilijikunja ndani ya mirija, maji yakakoroma kama ya mtu anayesukutua. Saa kumi na mbili, namba ikiwa thelathini na tano na nusu, alisema mara ya pili, na harufu ya udongo ikapungua hata akasikia tena harufu ya sabuni ya sakafu. Akalia kwa nafuu. Imebaki moja tu, alijiambia, na mtoto wa Monica ni wa Monica.

Ilipokaribia saa mbili giza lilikuwa limeshaingia, namba imefika thelathini na sita nukta nne, na alipofungua mdomo kusema mara ya tatu aliona mtoto amefumbua macho, na macho yale hayakutangatanga kama ya vichanga bali yalimkazia yeye, na mkono mdogo ukatoka kwenye nepi iliyomfunika ukashika kidole chake ukakikaza, baridi ikapanda mpaka kwenye bega, na kutoka mahali ambapo si kinywa cha mtoto wala si mashine ikaja sauti ndogo aliyoingoja miaka mitatu katika chumba chenye redio, ikisema neno moja ambalo hakuna mtu duniani aliyewahi kumwambia yeye, "Mama," na akajua, alijua kabisa, kwamba ni uongo, na kwamba neno moja lake lingeukata, na kwamba akiukata atatoka hapa arudi Mwananyamala awashe redio kabla ya kuvua viatu.

Akafunga mdomo.

Namba ikasoma thelathini na sita na nusu. Mtoto akalia kwa nguvu, madaktari wakaja wakicheka, wakapeana mikono.

Kondo alimsubiri kwenye korido. "Umekataa mara ngapi?"

"Tatu," alisema Atuganile, na hakumtazama.

Wiki sita baadaye Monica alikuja kliniki, amenawiri, na mtoto mnene mgongoni. Alimkumbatia Atuganile mbele ya watu wote. "Sista, bila wewe nisingekuwa naye."

"Umempa jina gani?" Atuganile aliuliza.

"Lusajo." Monica alicheka kidogo, kama anayeona haya. "Wala sijui ni jina la wapi, kwetu halipo. Kitovu kilivyodondoka tu nikalisikia kichwani. Ila ana mwili wa baridi huyu, hata nikimfunika blanketi mbili. Na usiku mie naogopa, dada. Ananiangaliaga kama mgeni wake."

Mtoto, alipopokewa apimwe, aligeuza uso akamtazama Atuganile, akatabasamu. Kipimajoto kilisoma thelathini na tatu na nusu. Akapima tena, kikasoma vilevile. Kwenye kadi, kwa mwandiko safi wa miaka yote ya kazi, aliandika 36.5.

Monica alipoondoka, alikwenda stoo kurudisha mizani. Ile mashine ilikuwa pembeni, imefunikwa nailoni, haijaunganishwa na umeme tangu siku ile. Ndani ya mirija mikavu kichanga alikuwa analia. Alilia kwa kukatakata, kwa sauti dhaifu ya aliyelia siku nyingi peke yake gizani na bado anategemea kuna mtu atakayekuja.

Atuganile alipiga magoti, akashika godoro kwa mikono miwili. Akafungua mdomo amwite, akakuta hana jina la kumwitia.