Mzizi Uliokuja na Udongo Wake

Anayetaka kucheka acheke, mimi sidai kuaminiwa. Nasema tu yaliyompata mjomba wangu, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu wanaoyasimulia mtaani wanayachanganya vibaya.

Siku aliyorudi kutoka mlimani nilikuwa nimekaa barazani kwake napinda mapazia ya mteja mmoja msumbufu, wale wa kukurudishia kazi kila siku kwa sababu hawajui wanachotaka. Jua lilikuwa la kawaida. Redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele zake. Binamu yangu, binti wa Mjomba, alikuwa kando yangu anakata vifungo kwenye mashati makuukuu huku akinisimulia ugomvi wa watu ambao wala sikumuuliza. Tulimwita Kasuku. Tangu utotoni mdomo wake haukuwa na likizo. Kilichoweza kumnyamazisha ni kifua tu: anaongea, anabanwa, anashika ukuta, anatafuta hewa kwa macho yaliyomtoka, kisha anaendelea na maneno palepale alipoyaachia. Mama yake alikufa kwa kifua hichohicho. Mjomba alibakiwa na huyo mmoja, na kila alipokohoa, mzee wa watu aliacha alichokuwa anafanya mpaka asikie ametulia.

Mjomba alikuwa muuza miche. Uwanja wake wote ulijaa mifuko ya udongo yenye miche ya matunda, ya maua, ya miti ya kivuli. Alikuwa na mkono wa kuotesha, hilo hata waliomchukia walikiri. Na yeye mwenyewe alijua kwamba anajua, basi hapo ndipo alipokuwa hashauriki.

Aliingia, akatua gunia lenye unyevu. "Mzizi wa kifua," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu mkewe afe.

Mmea wenyewe huota juu kabisa mlimani, kwenye ukungu. Baridi ikija majani hukauka, ukadhani umekufa, kumbe mzizi umelala chini. Msimu ukigeuka unachipua tena, na kila mwaka mzizi unazidi nguvu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mizizi kandokando ya barabara chini ya mlima alikubali kumchimbia ulio hai, wenye macho ya kuchipua. Lakini aliuosha mwenyewe mtoni, akausugua kwa kidole mpaka ukawa mweupe, akamwambia: usishuke na chembe ya udongo wa huku. Mjomba akaitikia vizuri kabisa. Mama yule alipoinama kunawa, yeye akajaza kofia.

"Nimeotesha miche tangu sijaoa," alituambia. "Leo nifundishwe kuhamisha mmea? Mmea huhama na udongo wake, la sivyo unashtuka, unakufa."

"Baba kaiba mlima kwa kofia!" Kasuku alisema, na tukacheka wote mpaka akabanwa.

Aliupanda chini ya dirisha la chumba cha Kasuku, upande usiopigwa na jua. Udongo wa mlimani aliuzungushia mzizi, juu yake akatandaza majani yaliyooza, juu zaidi akatundika gunia lililotoboka ili mwanga upite kidogo kidogo. Hakuutia samadi. Maji aliupa kwa kunyunyiza kwa vidole, kama mtu anayelainisha nguo za kupiga pasi. Uliposhika vizuri, alifukua kwa pembeni akakata mzizi mdogo wa ubavuni, akafukia, akamchemshia binti yake.

Kasuku alikunywa, akalala. Alipoamka hakukohoa. Siku hiyo hakukohoa, wala kesho yake. Aliteka maji, akapanda ngazi, akaimba. Mjomba alienda kusimama nyuma ya nyumba ili tusimwone anavyolia, lakini tulimsikia. Mimi mwenyewe niliangua kilio. Wallahi, niliubariki mmea ule.

Kisha nikaanza kuona vitu.

Kitalu kile kilikuwa na baridi. Si baridi ya kivuli, baridi ya kukufanya urudishe mkono. Mchana, jua likiwa utosini, majani yake yalikuwa na umande. Kuku wa Mjomba, ambao hawakuwahi kuheshimu kitalu chochote, walifika hapo wakazunguka mbali. Na majani hayakutazama upande wa mwanga. Yote yalikuwa yamegeukia dirisha.

"Mjomba, huo mmea unataka nini chumbani?" nilimuuliza.

"Joto la ukuta," alinijibu bila kunitazama.

Kasuku naye akaanza kunyamaza. Mwanzoni nilishukuru, maana nilimaliza kazi mapema. Baadaye nikaogopa. Alikuwa anakaa dirishani ameinamisha kichwa, mkono ukiwa nje, vidole vimezama kwenye udongo. Nikamgusa bega. Lilikuwa la baridi.

"Unafanya nini, mdogo wangu?"

"Nasikiliza," alinong'ona.

"Nini?"

"Wanauliza njia. Wameshafika kwenye daraja."

Daraja lilikuwa kule tunakoingilia mjini ukitoka upande wa mlima. Niliacha kazi ya watu hapohapo, nikapanda gari kwenda kumtafuta yule mama wa mizizi.

Nilimkuta anapanga mafungu yake. Nilipotaja udongo, aliacha kupanga.

"Alichukua?"

"Kofia moja."

Alivuta kigoda akakaa. "Unajua mzizi huu hustawi wapi? Pale walipolala watu. Waliopotea kwenye ukungu, wasiozikwa na mtu. Ndiyo maana unajua habari za pumzi. Ukiuosha, unashuka na dawa. Usipouosha, unashuka na mtu." Akashusha sauti. "Na wenzake wanamfuata. Rudisheni udongo wote, sasa, majani yakiwa mabichi. Na aliyekunywa aje pia. Majani yakikauka, kila kilicho juu kinashuka kwenye mzizi. Chochote kilichokuwa kimeshikana nao kinashuka."

Nilirudi mbio. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya kosa ambalo mtu asiyejua kilimo asingelifanya.

"Nitaurudisha," alisema. "Lakini mmea haung'olewi ukiwa na majani. Ukiung'oa sasa unakufa, na dawa ya mwanangu inakufa. Baridi i karibu. Ukishalala nitaufukua salama, nirudishe udongo, nibaki na mzizi."

"Mjomba, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Na wewe umemsikia anavyopumua?"

Kutoka chumbani ilikuja pumzi ya Kasuku, safi, taratibu, isiyokwaruza popote. Ningekuwa mzazi, sijui ningefanya nini.

Majani yakaanza kuwa ya njano pembeni. Kasuku akaacha kula. Asubuhi tulikuta uwanja una nyayo, nyingi, za miguu mitupu, zimejaa maji. Zilitoka getini. Hakuna iliyorudi. Kila asubuhi zilikuwa karibu zaidi na dirisha, na siku jani la mwisho lilipojikunja, zilikuwa zimepangana ukutani, vidole vimeelekea ndani.

Mjomba aliziona. Alichukua jembe.

Alichimba kitalu chote, mpaka udongo wetu mwekundu. Mzizi ulikuwa umenenepa kupita umri wake, na alipoukata vipande, alivitia vyote guniani pamoja na udongo wa mlimani, hakubakiza hata kimoja. "Akohoe tu," alikuwa anasema peke yake. "Akohoe mwanangu, nitamshika mgongo. Akohoe."

Tulipanda mlima mchana, sisi watatu. Jua lilikuwa linawaka. Kasuku alitembea katikati, Mjomba kamshika mkono, gunia begani, mimi nabeba jembe. Mama wa mizizi alituonyesha njia kwa kidole na hakusogea zaidi.

Tulipofika kwenye shimo la zamani, ukungu ulishuka.

Ulishuka ghafla. Sikuona jembe mkononi mwangu.

"Fungua gunia," Mjomba alininong'oneza. Lilikuwa zito kuliko lilivyokuja. Ilibidi amwachie Kasuku, alishike kwa mikono miwili. Nilisikia udongo ukimwagika. Nikasikia miguu. Mingi. Inapita kando yetu, kushoto na kulia, polepole, kama watu wanaotoka mazikoni. Kitu chenye unyevu kilinigusa shavu.

"Kasuku!" Mjomba aliita. "Mwanangu!"

"Nipo, Baba."

Mkono ukaingia kwenye wangu. Niliushika kwa nguvu zangu zote.

Tukashuka. Ukungu ukabaki juu, jua likarudi, na Kasuku akaanza kuongea. Mungu wangu, jinsi alivyoongea! Alisimulia mawe, miti, viatu vyangu. Mjomba alikuwa anacheka na kulia pamoja. Nami nilijiambia yamekwisha.

Ndipo tukasikia kikohozi.

Kilitoka nyuma yetu. Juu, ndani ya ukungu. Kirefu, cha kukwaruza, kikakatika, kikasubiri, kikaendelea. Mjomba alikuwa amekisikia maisha yote ya mtoto yule. Angekitambua sokoni katikati ya watu.

Alisimama. Alimtazama aliyekuwa ameshika mkono wangu. Tulikuwa tumeshuka mteremko mkali, mimi nahema mdomo wazi. Yeye hakuwa anahema.

"Baba," alisema, akitabasamu. "Twende nyumbani."

Kikohozi kikaja tena. Chembamba sasa. Kinabanwa.

"Anatafuta ukuta wa kushika," Mjomba alisema. Ndilo neno lake la mwisho kwangu. Aligeuka akapanda mbio, mzee yule, anaita jina la binti yake, lile halisi ambalo sisi hatukuwa tukilitumia. Nilitaka kumfuata. Mkono uliokuwa ndani ya wangu haukuniachia. Kumbe tangu juu si mimi niliyekuwa nimeushika.

Ukungu ulimfunika. Kikohozi kikanyamaza. Sikusikia sauti ya mtu tena.

Tulipopita chini, mama wa mizizi alitutazama, mimi, kisha yeye, akaingia ndani akafunga mlango. Watu walipanda kumtafuta Mjomba, wakarudi mikono mitupu.

Huyu naishi naye. Ningemwambia nani? Ana sura yake, ana vicheko vyake, ugomvi wa majirani anaujua wote. Ananisaidia kazi na hachoki. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, nasahau, na ninampenda.

Juzi aliniomba nimshonee gauni. Nikamzungushia futi ya kupimia kifuani, nikamwambia kama ninavyowaambia wateja wote, vuta pumzi. Akanitazama. Nikamwambia, haya, shusha. Futi haikusogea, si kwa kupanda, si kwa kushuka. Akanicheka kidogo, akasema, "Andika hivyohivyo, dada."

Niliitundika futi ile msumarini, mahali panapopigwa na jua mchana kutwa. Mpaka leo inadondosha maji.