Ziara Moja Katika Hamsini

Lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa tangu asubuhi, na watu wa ghorofa sita walikuwa wakigombania ngazi moja. Wa juu wanashuka, wa chini wanapanda, mabega yanagongana, marashi yamechanganyika na jasho. Katikati ya msongamano huo kijana mmoja alikuwa amebeba begani skrini pana kama meza ya chakula. Aligeuka kumpisha mzee, pembe ya skrini ikanasa kilemba cha dada aliyekuwa nyuma yake, kikavuliwa chote.

"Samahani, dada. Sina macho ya kisogoni."

"Na ya usoni umeyaacha nyumbani? Unakwenda wapi na huo ukuta?"

"Ghorofa ya nne, kwa wauza nguo wa mtandaoni."

"Ndiko kazini kwangu. Haya, nipe upande mmoja kabla hujamtoa mtu jicho."

Dada alikuwa na gauni la kijani lililomkaa kama limeshonewa mwilini, kilemba sasa kiko mkononi. Kijana shati lake jeupe, mikono imekunjwa hadi kiwikoni, kalamu mbili mfukoni, moja imevuja wino. Walipofika juu walikuwa wakihema kama waliofukuzwa na nyuki. Wakatazamana juu ya ukingo wa skrini, wakacheka. Hivyo ndivyo mapenzi yalivyowaingia, kwa mlango wa mizigo.

Dada yule kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja, ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Sauti. Tovuti yao ilikuwa soko: mafundi cherehani wanaweka picha za nguo, wateja wanachagua na kuagiza. Lakini ilikuwa nzito kama gari lililobeba mawe, na matusi yote ya wateja yalimwishia Sauti sikioni. Kijana, Fundi, aliletwa aitibu. Programu ya tovuti ilikuwa imeandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta anayoijua kama njia ya kwao, akafunga ndani yake kipimo cha kuangalia mwendo. Yaliyopimwa yalionekana kwenye ile skrini, iliyotundikwa mbele ya meza ya Sauti.

"Kila ukurasa unaofunguliwa, kipimo kinatazama umechukua muda gani, na nani kaufungua," alimweleza. "Ziara iliyochelewa inaandikwa, haiachwi hata moja. Iliyokwenda vizuri tunaonja tu. Moja katika hamsini, basi. Tukiandika zote, ghala la kumbukumbu litapasuka."

"Kama mpishi na mchuzi."

"Umeelewa kuliko meneja. Mteja akikupigia analia, andika jina lake hapa, utaona alikopita."

"Na nikiandika lako?"

"Utaona nilikopita mimi. Sina cha kuficha, Sauti yangu."

Hilo "yangu" lilikuwa la kwanza, na lilimkaa kifuani siku nzima.

Miezi saba ikapita. Tovuti ikapata nafuu, simu za matusi zikapungua, na Fundi akasema wazee wake watafika nyumbani kwa kina Sauti Jumapili ijayo kuposa. Jumatatu ya wiki hiyo kazi zilikuwa chache. Sauti, kwa mchezo tu, akaandika jina la mchumba wake pale pa kutafutia wateja.

Mchezo ukamtokea puani.

Kila mstari ulikuwa ukurasa uleule mmoja: duka la mshonaji wa magauni ya harusi aliyejiita Malkia wa Sindano. Juzi mara tano. Jana mara sita. Saa moja na dakika kumi asubuhi, saa tano na ishirini na tano, saa tisa na arobaini. Akaufungua naye aone. Picha mia mbili, na magauni mengi kayavaa Malkia mwenyewe: shingo ndefu, mgongo wazi hadi kiunoni, jicho la kumwita mtu kwa jina lake.

Sauti aliufunga. Akaufungua tena. Bata ukimchunguza sana humli, lakini nani amewahi kuacha kwa kuambiwa hivyo?

Jioni alimweleza shangazi yake, dada wa marehemu baba. Huyu shangazi alikuwa na jambo lake. Baba yake Sauti aliweka nyumba ya pili mtaa wa jirani kwa miaka tisa, na mama yake Sauti akawa wa mwisho kujua. Shangazi alijua tangu mwaka wa kwanza, akanyamaza kwa ajili ya kaka yake. Tangu hapo hanyamazii mwanamume yeyote.

"Mara sita kwa siku?" shangazi aliuliza. "Hata dawa hainywewi mara sita."

"Labda ni kazi, shangazi."

"Kazi gani ya kumtazama mwanamke mgongo? Umemuuliza?"

"Nikimuuliza atasema ni kazi."

"Basi usimuulize. Mtazame. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu."

Akamtazama. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kila akipata nafasi aliandika lile jina, na kila siku Malkia alikuwa pale, mara tano, mara sita, bila mpangilio, kama mtu anayechungulia akikumbuka. Fundi akipiga simu, Sauti aliyachuja maneno yake kama mtu anayechagua mchele.

"Mbona sauti ya Sauti imepoa, laazizi?"

"Kazi nyingi. Wewe uko wapi?"

"Nyumbani, nimejilaza."

"Unatazama nini?"

"Dari. Lina ufa unaofanana na bosi wetu."

Zamani angecheka. Sasa alikata simu, akaitazama saa, na asubuhi akakimbilia skrini. Saa ileile ya dari hapakuwa na kitu. Ila robo saa baadaye, Malkia.

Naye Fundi tangu Jumatano alikuwa na lake. Alikuwa akianza kusema, anaishia njiani. "Sauti, kuna kitu unataka kunieleza?" "Hakuna. Wewe?" "Hakuna."

Jumamosi asubuhi mama yake alikuwa ameshaazima viti. Sauti alimnong'oneza shangazi kuwa atawakataza wageni, akaenda kazini na gauni lilelile la kijani, kwa kuwa alitaka liwe la kwanza na la mwisho. Saa sita, ofisi ikabaki tupu. Akapiga simu.

"Wazee wako wasije kesho."

"Wamekukosea nini?"

"Wao hawajanikosea. Muulize Malkia."

"Malkia yupi?"

"Wa Sindano. Au yuko mwingine?"

"Uko ofisini? Usiondoke. Tafadhali, mama, usiondoke."

Alifika baada ya nusu saa, shati limetoka ndani ya suruali, ngazi kazipanda mbili mbili. Sauti alikuwa amesimama chini ya skrini, mikono kifuani, na orodha imejaa ukuta mzima.

"Soma," alimwambia. "Ulisema huna cha kuficha."

Fundi akasoma. Kisha, kosa la wanaume wengi, akacheka.

"Cheka. Marehemu baba naye alikuwa mcheshi."

Kicheko kikamfia mdomoni. "Sauti, nisikilize…"

"Nisikilize wewe. Nitakusomea nyakati zako. Ijumaa, saa mbili na dakika tano asubuhi. Ijumaa, saa nane na dakika hamsini. Jumatano, alfajiri, saa kumi na moja kasoro ishirini. Hata jogoo hajaamka, wewe uko mgongoni kwa mwanamke. Jumapili iliyopita, saa kumi na dakika thelathini na tano jioni…"

Kidole chake kikagota kwenye mstari huo.

Jumapili iliyopita, saa kumi na nusu, Fundi alikuwa amelala chali jikoni kwa mama yake Sauti, kichwa chini ya sinki, mikono yote miwili imeshika bomba, maji yakimtiririkia shingoni. Sauti mwenyewe alikuwa amemshikia ndoo. Na simu ya Fundi ilikuwa kwa shangazi, aliyeiomba "aitunze isilowe," akaenda nayo chumbani dakika ishirini nzima.

"Endelea," Fundi alisema polepole.

"Ulikuwa chini ya sinki."

"Nilikuwa chini ya sinki."

Sauti akairudia orodha kwa macho, safari hii bila moyo kumdunda. Dakika kumi. Ishirini na tano. Arobaini. Hamsini. Tano. Thelathini na tano. Siku saba, na hapakuwa na dakika ya tatu wala ya kumi na saba. Mtu haendi kwa mpenzi wake kwa hatua zilizopimwa namna hiyo.

"Kila dakika tano," alisema. "Ila tunaonja moja katika hamsini, ndiyo maana naona tano au sita tu kwa siku."

"Ni programu ndogo niliyoiandika. Kila dakika tano inabisha hodi kwenye ukurasa mmoja, inaona kama unafunguka upesi. Nilichagua wa Malkia kwa sababu una picha nyingi kuliko zote. Huo ukiwa mzima, zote ni nzima. Kosa langu ni kwamba niliipa ufunguo wangu wa kuingilia, ikawa inaonekana kama mimi, badala ya kuifungulia jina lake. Uvivu. Nilisema nitabadilisha kesho, na kesho imekuwa miezi saba."

Sauti alikaa kitini. Aibu na raha vilimpanda pamoja. Alitaka kusema samahani, lakini Fundi hakuwa amemaliza. Akashika kibodi, akafungua orodha nyingine.

"Sasa na mimi nikusomee. Ukurasa wa kutafuta wateja ni mzito, sijautengeneza bado. Na kilicho kizito hakionjwi, kinaandikwa chote. Jumatano nikautazama nijue nani anaulemea." Akamwonyesha kwa kidole. "Jina lako likinitafuta mimi. Mara arobaini na moja hadi leo."

"Ulijua tangu Jumatano?"

"Tangu Jumatano."

"Ukaniacha niungue siku nne?"

"Nilidhani unatafuta kosa la kuniachia. Nikasema labda kuna mwingine, na kabla wazee hawajaja unataka sababu. Nikawa nangoja uniambie. Umenichungulia mara arobaini na moja, Sauti. Hukuniuliza hata mara moja."

"Na wewe hukuniuliza."

"Na mimi sikukuuliza."

Nje, mtu alikuwa akijaribu lifti. Ilinguruma, ikakata tamaa. Sauti alimwaza mama yake, na miaka tisa ya kutouliza. Akamwaza shangazi, na miaka tisa ya kutosema. Nyumba ile haikubomolewa na mwanamke wa mtaa wa jirani peke yake.

"Siku nyingine ukiona nakuchungulia," alisema, "utafanyaje?"

"Nitakuja palepale nikuulize unatafuta nini."

"Nikikujibu vibaya?"

"Nitauliza tena."

Alimtazama: wino mfukoni, jasho kwenye paji la uso, kijana aliyemvua kilemba mbele ya ghorofa sita. "Basi kaa hapa ubadilishe huo ufunguo. Sasa hivi. Habari ya kesho sitaki kuisikia."

Fundi akavuta kiti, akaandika mistari michache. "Inataka jina lake. Tuiite nani?"

"Kila dakika tano inabisha hodi kujua kama nyumba ni salama?"

"Kila dakika tano."

"Shangazi."

Safari hii walicheka wote wawili, Sauti akamfuta Fundi wino uliompata shavuni. Juu ukutani mistari ya zamani ikasogea, na simu ya Sauti ikalia kabla hawajamaliza kucheka.

"Mwanangu," ilisema simu, "nimepiga kujua tu. Umemwambia wasije? Mama yako hapa anauliza kama arudishe viti."

"Shangazi, Jumatatu uliniambia nisimuulize. Nimemuuliza."

"Amesemaje?"

Sauti alimtazama Fundi, naye akawa ameacha kuandika, vidole viko hewani, anangoja jibu kama mtu mwingine yeyote.

"Mwambie mama asirudishe," alisema. "Aongeze viwili, changu na cha Fundi."