Jina la Mdudu wa Uani kwa Bi Mishi

Mlambaudongo alitoa ulimi wake wa fedha, akalamba udongo wa uani kwa Bi Mishi, akatulia. Kwa kawaida roboti huyo, mwenye kimo cha mbuzi, husoma chembe za urithi za kila bakteria aliyemo udongoni na kumtaja jina kabla hujamaliza kupiga chafya. Leo alisema neno ambalo Dkt. Sikudhani, mtafiti wa bakteria, alikuwa akilisubiri tangu aanze kazi:

"Huyu simjui."

Sikudhani alitaka kuruka kwa furaha, ila muda ulikuwa mdogo. Adhuhuri hiyo hiyo mitambo ya jiji ingefika kuusomba udongo wote wenye sumu na kwenda kuuchoma, bakteria akiwemo. Sheria ilikataza kuchukua hata kijiko cha udongo huo, hivyo njia ya kumwokoa ilikuwa moja tu: asajiliwe kuwa spishi mpya, kwa jina atakaloliridhia mwenye uwanja.

"Tutamwita kwa jina lako, Bibi," alimwambia Bi Mishi kwa bashasha.

Ajuza yule aliacha kupepeta mchele. "Mdudu wa kwenye taka ndiyo umwite mimi? Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Ni heshima kubwa. Litasomwa dunia nzima."

"Si ndiyo aibu yenyewe!"

Mlambaudongo, ambaye waundaji wake walimpa akili nyingi na adabu haba, akaanza kutangaza sifa za spishi. "Mfupi. Mnene kiunoni. Hapendi jua. Hutoa harufu."

"Nani huyo anasemwa?" Bi Mishi alisimama na ungo wake.

"Bakteria, Bibi, bakteria!" Sikudhani alimziba roboti kipaza sauti kwa kiganja.

"Basi mpeni jina la wifi yangu, Zubeda."

"Sheria hairuhusu jina la kumtukana mtu," roboti akasema kupitia vidole vya Sikudhani.

"Kumbe na wewe unamjua!"

Mngurumo ulisikika mwanzo wa mtaa. Mitambo ilikuwa imefika. Sikudhani aliishiwa ujanja, akapiga magoti pale pale vumbini.

"Nakuomba, Bibi. Jina lolote lile."

Bi Mishi aliutazama udongo. "Kwani anakula nini huyo mdudu?"

"Madini ya risasi, yale ya kwenye betri kuukuu. Anayala, na hayamdhuru hata kidogo."

Bi Mishi akaweka ungo chini. Uani hapo ndipo mumewe, Chande, alipovunja betri miaka yote na kuziyeyusha sufuriani apate risasi ya kuuza, mpaka watoto wao wakasoma.

"Chande naye aliyala," alisema taratibu. "Kwenye vumbi, mikononi, kwenye wali. Yeye yalimmaliza." Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. "Mwiteni Chande. Safari hii asife."

Sikudhani aliionea haya furaha yake ya asubuhi. Akamwachia roboti alitume jina kwenye sajili; papo hapo mitambo ikapata amri, ikazima injini langoni.

"Spishi mpya, Chandei, yaani 'ya Chande' kwa Kilatini, imesajiliwa," roboti akatangaza. "Ndugu wa karibu: hakuna."

Bi Mishi akamgeukia kwa ukali. "Hakuna vipi? Andika mke yupo."