Nyumba Hupimwa kwa Watu Wake

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti sakafuni, akifungua mafurushi. Yeye, mumewe na binti yao walikuwa wamehamia jengo hili juzi tu. Mwaka haujaisha, na tayari walikuwa wamehama mara tatu. Vyombo vingine vilikuwa bado kwenye magunia tangu nyumba ya kwanza.

Mlango ukagongwa kwa kishindo.

"Umenikimbia, siyo? Binti yangu anaolewa keshokutwa. Gauni liko wapi?"

Alikuwa mteja wake, mama wa bibi harusi. Alikwenda nyumba ya zamani, akakuta chumba kitupu. Ilibidi amtafute kwa kuulizauliza mtaa mzima. Majirani wapya wakaanza kuchungulia milangoni. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hili hapa, dada. Nilishamaliza. Samahani, simu ilipotea tulipokuwa tunahama."

Mama yule akaligeuza gauni, akakagua mishono. Hasira ikampungua. Kisha akayaona magunia.

"Mbona mnaishi kama wasafiri?"

"Nyumba ya kwanza, maji hayapandi. Ya pili, tulitolewa ghafla. Na hii choo kimeziba, msimamizi haonekani."

"Mlizichaguaje?"

Fundi akatazama miguu yake. "Mimi ndiye niliyechagua. Rangi ilikuwa mpya. Vigae vinang'aa."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Mimi nimekaa jengo moja tangu huyu binti anatambaa, na leo anaolewa. Nyumba hupimwa kwa watu wake, mdogo wangu. Kabla ya kuangalia chumba, waulize wapangaji. Wamekaa muda gani? Waliohama walihama kwa nini? Kitu kikiharibika, nani anakitengeneza? Kisha dai mkataba wa maandishi. Uonyeshe utapewa notisi ya muda gani ukitakiwa kuondoka."

"Naona haya kuuliza. Wataniona mbea."

"Na haya uliyoyaona leo je?"

Fundi akalikunja gauni, akalifunga kwenye kitambaa.

Wiki iliyofuata alikwenda kwenye jengo lenye geti jipya. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akianika nguo. "Wapangaji hukaa muda gani hapa?" alisema kwa haya. Mwanamke akacheka. "Hapa sote wageni, dada. Akitoka huyu, anaingia yule."

Fundi akashukuru, akaenda zake.

Jengo jingine lilikuwa limepauka rangi. Lakini milangoni palikuwa na maua kwenye makopo ya zamani. Mzee mmoja alikuwa kwenye ngazi, akimkanya kila mtoto kwa jina la mama yake.

"Bomba likivuja, mzee?"

"Msimamizi anakuja siku hiyohiyo. Mimi nimeota mvi humu."

Hakukuwa na chumba. Fundi akaacha namba yake, akasubiri miezi kadhaa. Chumba kilipopatikana, yeye na mumewe waliusoma mkataba neno kwa neno, ndipo wakahamia.

Siku moja alianika nguo uani, kisha akaenda mbali kupeleka gauni la mteja. Mvua ikashuka ghafla. Akarudi mbio, akakuta kamba yake tupu. "Nimeibiwa!" akapiga kelele, akaanza kugonga mlango wa jirani kwa ngumi.

Jirani akafungua. Nyuma yake, kwenye kiti, nguo zote zilikuwa zimekunjwa vizuri, mpaka soksi.

Fundi akainamisha kichwa. "Nisamehe, shoga. Sikuzoea..."

"Ulitaka tuziache zilowe?" jirani akamkatiza. "Hebu ingia kwanza, mvua inakupiga."

Akaingia.